Ripoti inasema ubongo wa baba umesinyaa: ni uzee, ni ukoo au ni ugonjwa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa. Baba yangu ana miaka 72. Wiki tatu zilizopita alianguka kutoka kwenye mkokoteni akagonga kichwa, tukampeleka Dodoma mjini akafanyiwa kipimo cha CT. Hakukutwa na damu, ila ripoti, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza, inasema ubongo wake umesinyaa kulingana na umri. Tangu siku hiyo nyumbani hakuna amani. Bibi, mama yake baba, alipoteza kumbukumbu kabla hajafariki akiwa na miaka themanini na kitu, kwa hiyo tunaona ni ugonjwa wa ukoo na mimi utanifika. Kaka yangu naye amepata la kusema: eti madaktari wenyewe wanakiri ubongo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume, na ukoo wetu tayari una ubongo wa kusinyaa, basi binti yangu aliyemaliza kidato cha nne asijisumbue na tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati). Naomba unieleze ukweli. Ni nini hasa kinachofanya ubongo wa mtu uwe vile ulivyo?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Poleni sana kwa ajali ya mzee.

Kazi yangu ni kusoma picha za CT na MRI, na maneno yaliyowanyima usingizi ndiyo ninayoyaandika mwenyewe karibu kila siku. Tunamwandikia daktari mwenzetu tukijua ataelewa, kisha karatasi inaingia kwenye bahasha ya mgonjwa, inapanda basi hadi kijijini, na huko inasomwa na watu ambao hakuna aliyekaa nao chini kuwaeleza. Nalijua hilo, na linaniuma. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Katika ripoti ya baba, maneno mazito si "umesinyaa". Maneno mazito ni "kulingana na umri". Nikuoneshe ninachokiona mimi kwenye kioo.

Picha ya CT ya kichwa huonesha fuvu kama pete nyeupe. Ndani ya pete kuna ubongo, wa kijivu, na maji yanayouzunguka ni meusi. Kwa kijana wa miaka 20 weusi huo hauonekani vizuri, kwa kuwa ubongo umejaa fuvu kama unga ulioshindiliwa kwenye debe. Kwa mzee wa miaka 72 mifereji iliyo kati ya mikunjo ya ubongo imepanuka, na vyumba vya maji vilivyo katikati, ambavyo kwa kijana ni vyembamba, vimenenepa. Wewe ni mtu wa kanda hii, bila shaka umewahi kuyaona makorongo ya Kondoa, yale ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza kupambana nayo mwaka 1973. Korongo likipanuka, kilichopungua ni udongo wa kingo zake. Na kwenye ubongo ni hivyo hivyo: kingo zimepungua unene, maji yamekuja kujaza nafasi iliyoachwa. Aliyeandika ripoti ya baba aliangalia makorongo hayo, akayalinganisha na ya wazee wengine wa rika lake aliokwisha kuwaona, akaridhika kwamba hayajazidi. Angeona yamezidi, angeandika "kupita umri wake". Maneno hayo mawili yana uzito tofauti kabisa, na ya pili hayamo kwenye karatasi yenu.

Sasa tuuangalie huo umri wenyewe, maana wengi wanadhani ubongo unakua hadi utu uzima, unatulia, kisha uzeeni ndipo unaanza kuharibika. Mambo hayaendi hivyo. Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi waliunganisha picha za MRI 123,984 kutoka kwa watu 101,457, kuanzia mimba ya siku 115 hadi mzee wa miaka 100, wakachora mstari wa maisha ya ubongo mithili ya ile kadi ya kliniki tunayotumia kufuatilia uzito wa mtoto. Sehemu ya kijivu, ambako ndiko viliko viini vya seli za fahamu, hufikia kilele kabla mtoto hajatimiza miaka 6. Ndiyo, Mwalimu, watoto wako wa darasa la kwanza wanaokusumbua kwa kelele ndio wenye sehemu ya kijivu kubwa kuliko watakayokuwa nayo maisha yao yote. Sehemu nyeupe, yaani nyaya ndefu za seli zilizovikwa mafuta ili ujumbe upite haraka, huendelea kukua taratibu hadi karibu na miaka 29, ndipo nayo inaanza kushuka.

Kwa hiyo kwa upande wa kijivu binti yako wa kidato cha nne ameshaanza kupungua, na huko kupungua kunamfaa. Nenda Hombolo au Mpunguzi wakati wa kupogoa zabibu. Asiyejua kilimo hicho atadhani mkulima ana hasira na shamba lake, matawi mengi yanaanguka chini na shina linabaki kama kijiti kikavu. Mkulima anajua asipopogoa atavuna majani. Ubongo wa mtoto hutengeneza miunganiko ya seli mingi kuliko itakayohitajika, kisha miaka ya ujana hukata isiyotumika na kuimarisha inayotumika. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupanga, kujizuia na kupima matokeo, ndiyo inayomalizia kupogolewa, na kazi hiyo huendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Mzazi anayeuliza kwa nini kijana wake wa miaka 17 ana akili za kufaulu hesabu lakini hana akili za kukataa kupanda bodaboda watu wanne, jibu lake mojawapo ni hilo.

Baada ya miaka 35 hivi ubongo mzima unaanza kupungua kwa takriban asilimia 0.2 kwa mwaka, na kufikia miaka 60 kasi hiyo imepanda hadi kama asilimia 0.5 kwa mwaka. Watu wakisikia hivyo wanafikiri seli zinakufa kwa maelfu. La. Mwaka 1997 watafiti wa Denmark walihesabu seli kwenye gamba la nje la ubongo wa watu 94 waliokwisha kufariki. Kutoka miaka 20 hadi 90 tofauti ilikuwa takriban sehemu moja ya kumi tu. Kinachopungua zaidi ni unene wa seli zenyewe, matawi yake na zile nyaya nyeupe. Seli nyingi bado zipo, ila zimenywea.

Na hazinywei kwa usawa. Sehemu ya mbele na hipokampasi, kijisehemu kilicho ndani usawa wa masikio ambacho ndicho mlango wa kumbukumbu mpya, hutangulia. Sehemu ya kisogoni inayoshughulikia kuona huwa ya mwisho. Ndiyo maana mzee wa kawaida kabisa, asiye na ugonjwa, anasahau alipoweka fimbo na anakwama kwenye jina la mjukuu aliyezaliwa juzi, huku akikusimulia mpaka wa shamba uliogombaniwa akiwa mtoto, mti kwa mti, jiwe kwa jiwe. Anachelewa kujibu, lakini anajibu sawasawa.

Kabla sijaenda kwa kaka yako, nisimame hapa kwa jambo moja la haraka, maana umesema zimepita wiki tatu tu tangu mzee aanguke.

Kuna mishipa midogo ya damu inayotoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando uliobandikwa chini ya fuvu. Ubongo ukiwa umejaa fuvu, mishipa hiyo ni mifupi na imelegea. Ubongo ukinywea, mishipa inavutwa, inakaa kama kamba iliyokazwa. Mzee akianguka, hata kwa kishindo kidogo, mmoja unaweza kupasuka na kuvuja taratibu, tone kwa tone. Siku ya ajali picha inaonekana safi kabisa. Wiki tatu baadaye, wakati mwingine miezi miwili, damu imekusanyika ya kutosha kuusukuma ubongo. Familia zinakuja kwetu zikisema mzee ameanza kuchanganyikiwa, uzee umemfika. Tunapiga picha tunakuta upande mmoja umejaa damu iliyovia, na daktari wa upasuaji akishaitoa kupitia tundu dogo kwenye fuvu, mara nyingi mzee anarudi kuwa yule yule. Mimi nimeiona picha ya kabla na ya baada ya namna hiyo mara nyingi, na bado kila mara nafurahi.

Kwa hiyo kwa miezi mitatu tangu siku ya ajali mwangalieni. Akianza kulalamika kichwa kinachozidi siku hadi siku, akilala kuliko kawaida yake, akiburuta mguu mmoja, akitapika, akianza kuongea yasiyoeleweka, msisubiri na msiseme ni uzee. Mrudisheni apigwe picha nyingine siku hiyo hiyo. Na kama anatumia aspirini au dawa nyingine ya kulainisha damu, mwambieni daktari.

Sasa kaka yako. Amechukua ukweli mmoja akaubebesha mzigo usio wake.

Ukweli ni huu: ukipima wanaume wengi na wanawake wengi, ubongo wa wanaume kwa wastani ni mkubwa kwa takriban asilimia 11. Moyo wao pia ni mkubwa, mapafu yao pia, figo zao pia, maana miili yao kwa wastani ni mikubwa. Mwaka 2018 watafiti nchini Uingereza walichapisha vipimo vya watu 5,216, wake kwa waume. Wanaume walikuwa na ujazo mkubwa zaidi wa ubongo, na wanawake kwa wastani walikuwa na gamba la nje nene zaidi. Makundi hayo mawili yaliingiliana sana: wapo wanawake wengi waliowazidi wanaume wengi. Ukishasawazisha ukubwa wa ubongo mzima, tofauti nyingi za sehemu moja moja huyeyuka au hubaki ndogo sana.

Je, ukubwa ndio akili? Hapa sitaki kukudanganya kwa kukufariji. Uhusiano kati ya ujazo wa ubongo na matokeo ya mitihani ya akili upo, ila ni dhaifu: unaeleza kama asilimia 6 tu ya tofauti kati ya watu, na asilimia 94 inayobaki inatoka kwingine. Mwandishi wa Urusi Ivan Turgenev alikutwa na ubongo wa gramu 2,012. Mwandishi wa Ufaransa Anatole France, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1921, wa kwake ulikuwa gramu 1,017, nusu ya ule. Na Albert Einstein, ambaye nadhani kaka yako hatamkatalia tahasusi ya PCM, alikuwa na ubongo wa gramu 1,230. Huo ni uzito wa kawaida wa ubongo wa mwanamke. Wanaume wana ubongo mkubwa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na bado wastani wa akili wa wanaume na wanawake hautofautiani. Kama ukubwa ungekuwa ndio kila kitu, hilo lisingewezekana.

Naomba nikusimulie kisa kimoja, kwa sababu kinaonesha jinsi maneno kama ya kaka yako yanavyozaliwa. Kati ya nusu ya kulia na nusu ya kushoto ya ubongo kuna daraja nene la nyaya nyeupe. Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani waliandika kwamba sehemu ya nyuma ya daraja hilo ni kubwa zaidi kwa wanawake. Walikuwa wamepima bongo 14 tu, 9 za wanaume na 5 za wanawake. Habari ikaenea kwenye magazeti: wanawake wanaunganisha hisia na mantiki, wanaume wanatenganisha, na mengine mengi ambayo hadi leo nayasikia kwenye semina za ndoa. Mwaka 1997 tafiti 49 kuhusu daraja hilo zilikusanywa na kupitiwa pamoja, na tofauti ile ya kijinsia haikuonekana. Lakini marekebisho hayapandi jukwaani. Kilichobaki vichwani mwa watu ni zile bongo 14.

Wakati huohuo, mwaka 1995, watafiti nchini Ujerumani walipima daraja hilo hilo kwa wanamuziki, wakakuta nusu yake ya mbele ni kubwa zaidi kwa wale walioanza kujifunza muziki kabla ya miaka 7, kuliko kwa watu wasio wanamuziki. Nikisoma hayo huwa nawaza ngoma ya muheme ya kwetu Ugogo. Wapigaji ni wanawake, ngoma wameibana katikati ya mapaja, mkono wa kulia una pigo lake na wa kushoto una lake, na mabinti wadogo wako pembeni wanaangalia kabla hawajapewa ya kwao. Hiyo ndiyo kazi inayolitumia daraja lile. Ubongo haufuati jinsia peke yake, unafuata pia kile unachopewa kufanya. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walionesha kwamba madereva teksi wa London, wanaokariri maelfu ya mitaa, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi kubwa kuliko watu wengine. Wakaja watu wakasema labda walizaliwa hivyo. Basi mwaka 2011 Maguire na mwenzake wakatoa matokeo ya wanafunzi 79 wa udereva huo waliofuatiliwa tangu mwanzo wa masomo. Waliofaulu ni 39, na ni hao tu ambao hipokampasi yao ilikuwa imeongezeka. Mwanzoni walikuwa sawa na wenzao.

Sikatai kwamba jinsia inagusa ubongo. Kromosomu za X na Y zinafanya kazi humo, homoni zinaanza kuupanga tangu tumboni na tena wakati wa kubalehe, na mwaka 2017 watafiti wa Barcelona walionesha kwamba mimba ya kwanza hupunguza sehemu ya kijivu ya mama kwa namna iliyodumu angalau miaka 2, tena kwenye maeneo yanayohusika na kusoma hisia za mwingine. Kumbuka zabibu. Ila watafiti wa Tel Aviv walipopitia bongo zaidi ya 1,400 mwaka 2015, walikuta watu wengi mno ni mchanganyiko: sehemu hii iko kwenye ukubwa unaoonekana zaidi kwa wanawake, ile kwenye ukubwa unaoonekana zaidi kwa wanaume, ndani ya kichwa kimoja. Hakuna kipimo cha CT wala MRI ninachoweza kukisoma nikasema binti huyu afanye fizikia na yule asifanye. Anayetaka kujua kama binti yako anaiweza PCM aangalie matokeo yake ya hesabu na fizikia.

Tuje kwenye ukoo.

Njia nzuri ya kujua nguvu ya vinasaba ni mapacha. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, wasiofanana wanashirikiana nusu kama ndugu wa kawaida, na wote wamekulia nyumba moja. Ukiwapima, bongo za mapacha wa kufanana zinakaribiana kwa ukubwa mno, kiasi kwamba watafiti wanakadiria zaidi ya asilimia 80 ya tofauti za ukubwa wa ubongo kati ya watu wazima inatokana na vinasaba. Namba hiyo inatisha, na watu wanaisoma vibaya. Haisemi kwamba asilimia 80 ya ubongo wako imeshaamuliwa. Inasema, ndani ya kundi la watu wanaoishi maisha yanayofanana, tofauti kati yao nyingi zinatokana na mbegu. Panda mtama wa aina mbalimbali kwenye shamba moja lenye rutuba, tofauti za urefu zitatokana na mbegu karibu zote. Panda mbegu hizo hizo kwenye kichanga kisicho na mbolea na mvua ikatike Februari, shamba zima litadumaa, na mbegu haina kosa. Mtoto aliyezaliwa na ubongo wa robo hadi theluthi ya ukubwa wa mtu mzima, na ambao ndani ya miaka miwili unapaswa kufika robo tatu, akikosa madini joto, akikosa madini chuma, akiugua kila mwezi, vinasaba vya wazazi wake havitamwokoa.

Na hakuna jeni moja ya ubongo. Mwaka 2020 ushirika wa watafiti unaoitwa ENIGMA ulipitia picha za watu 51,665 na kupata maeneo 199 kwenye vinasaba yanayogusa upana au unene wa gamba la ubongo, na kila eneo mchango wake ni mdogo mno. Jambo lililonivutia ni kwamba jeni za upana na jeni za unene kwa sehemu kubwa ni tofauti. Mtu anaweza kurithi upana kwa babu wa kuumeni na unene kwa bibi wa kukeni. "Ubongo wa ukoo" kama kitu kimoja kinachoshuka kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu haupo.

Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu je? Zipo familia zenye jeni moja inayoleta Alzheimer, aina ya ugonjwa huo inayoonekana zaidi, moja kwa moja, na mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Ni chache sana duniani, na alama yake ni umri: ugonjwa unaanza mapema, kabla ya miaka 65, mara nyingi kwenye arobaini na hamsini, kizazi hadi kizazi. Jimbo la Antioquia nchini Kolombia lina ukoo mkubwa wa namna hiyo. Na hata huko, mwaka 2019 iliripotiwa habari ya mwanamke mwenye jeni hiyo ambaye alifika miaka ya sabini kabla kumbukumbu haijaanza kumtoroka, kwa sababu alikuwa amerithi pia mabadiliko mengine adimu, kwenye jeni iitwayo APOE, yaliyomkinga. Bibi yako aliugua akiwa na miaka themanini na kitu. Hiyo si sura ya ugonjwa wa jeni moja. Kuzidi miaka 80 ni sababu tosha yenyewe.

APOE hiyo ndiyo inayotajwa zaidi. Ina aina tatu, na aina ya 4 huongeza uwezekano wa Alzheimer. Kwa watu wa asili ya Ulaya, nakala moja huongeza mara tatu hivi. Kwa Waafrika aina hiyo ni ya kawaida sana, lakini makali yake ni madogo. Utafiti uliofuatilia wazee wa Kiyoruba mjini Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, matokeo yakatoka mwaka 2001, ulikuta Alzheimer mpya kila mwaka kwa asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis. Asili ya mababu inakaribiana, mwendo wa maisha umetofautiana. Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa wilaya ya Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na kuendelea. Maana yake zaidi ya wazee 9 kati ya 10 hawakuwa nao, ingawa bila shaka bongo zao nazo zilikuwa zimenywea kulingana na umri.

Lipo jambo linalonikera katika haya yote na nitalisema. Ule mstari wa picha laki moja na zaidi umechorwa kwa sehemu kubwa kwa watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Waafrika humo ni wachache mno. Mwaka 2021 watafiti waliopima bongo za Watsimane 746, wakulima na wawindaji wa msituni Bolivia, walikuta ubongo wao unapungua na umri kwa kasi ndogo kwa asilimia 70 kuliko wa watu wa Marekani na Ulaya. Mzee wa Kongwa aliyetembea maisha yake yote nyuma ya mbuzi, akala ugali wa uwele na mlenda, anastahili kupimwa kwa rula ya wazee wenzake. Hadi rula hiyo itakapokuwepo, picha inabaki kuwa ushahidi mmoja tu, na mzee mwenyewe ndiye shahidi mkuu.

Kwa hiyo weka ripoti pembeni umwangalie baba. Bado anaweza kwenda mnadani, akapatana bei ya beberu, akahesabu chenji na kurudi nyumbani kwa njia ile ile? Anajua mvua ikinyesha kipi kinapandwa kwanza? Anamfuata mtu kwenye mazungumzo hadi mwisho? Kama ndiyo, kusahau majina kusikusumbue. Kama ameanza kupotea kwenye njia alizozizoea, kuuliza swali moja mara tano asubuhi moja, kushindwa pesa alizozimudu, au tabia imebadilika mpaka majirani wanashangaa, mpeleke kliniki hata kama picha inasema sawa. Mwambie daktari apime presha, sukari, vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende na VVU, aulize dawa anazotumia, aangalie masikio, na asisahau sonona, ambayo kwa wazee hujificha nyuma ya usahaulifu. Kadhaa kati ya hayo yanatibika.

Presha ninaitaja kwanza makusudi. Huharibu mishipa midogo inayolisha zile nyaya nyeupe, na kwenye picha huacha madoa ambayo nayaona hata kwa watu wa miaka 50. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 9,361, matokeo yake kuhusu ubongo yakatoka mwaka 2019, ulionesha kwamba kuishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 badala ya kuridhika na 140 hupunguza usahaulifu ule wa hatua za mwanzo kwa takriban asilimia 19. Kwa mzee daktari ndiye ataamua ishuke hadi wapi, maana ikishushwa kupita kiasi ataanguka tena.

Kuhusu binti, muoneshe kaka yako hili. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusika na karibu nusu ya visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani. Presha imo, kisukari kimo, uziwi umo, sigara imo. Na elimu ndogo imo. Kama kweli anaogopa kusinyaa kwa ubongo katika ukoo wenu, basi kumkatiza mpwa wake masomo ni kumwondolea mojawapo ya kinga zake za uzeeni.

Na wewe, Mwalimu, ulitaka kujua kama ugonjwa utakufika. Usiende kupiga CT ya kichwa kwa hofu. Haitakuambia chochote kuhusu miaka 30 ijayo, ina mionzi, na fedha hiyo ina kazi nyingine. Siku utakayompeleka baba kupima presha, kaa naye kwenye benchi hilo hilo, na zamu yake ikiisha nawe unyooshe mkono.